Dawa Inamfikiaje Mdudu? Maswali ya Wasomaji wa Moshi na Arusha

Maswali ya wadudu yamekuwa mengi tangu mvua za masika ziishe. Nimepiga dawa kwenye nyumba za watu Moshi na Arusha kwa miaka mingi, na kila nikionyeshwa kifaa kipya huuliza jambo moja kabla ya bei: dawa inatokaje humo, na inamfikiaje mdudu? Ukilijua hilo, utajua pia kama inamfikia mtoto aliyelala pembeni. Maswali nimeyafupisha bila kubadili maana yake.

Mzee, shikamoo. Nina mtoto wa miezi minne na tunalala chumba kimoja. Mbu ni wengi, kwa hiyo nawasha dawa ya kuchoma usiku kucha na kufunga madirisha ili moshi usitoke. Kuna ubaya? – Mama wa mtoto mmoja, Pasua, Moshi

Marahaba, mama. Ubaya upo, na uko kwenye hayo madirisha uliyofunga.

Ile dawa ya kuzunguka kama konokono ni ubunifu wa Japani. Mwaka 1890 Eiichiro Ueyama alitengeneza kijiti cha udi chenye unga wa maua ya pareto, pareto hii hii inayolimwa nyanda zetu za juu. Kijiti kiliungua dakika 40 hivi kikaisha, mbu wakarudi. Mkewe, Yuki, ndiye aliyetoa wazo la kukizungusha, mwaka 1895, na dawa ya umbo hilo ikaingia sokoni mwaka 1902. Kijiti kirefu kikakaa mahali padogo na kuungua saa saba, yaani usingizi mzima wa mtu. Ni akili kubwa ile, na ndiyo maana umbo halijabadilika hadi leo.

Lakini kinachoungua si dawa peke yake. Dawa ni chembe ndogo tu. Kilichobaki ni unga wa mbao, vifuu na gundi, na vyote vinatoa moshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima vumbi laini linalotoka kwenye kipande kimoja kikiungua mpaka mwisho, ukakuta linalingana na la sigara 75 hadi 137. Sasa fikiria mapafu ya miezi minne kwenye chumba kilichofungwa.

Mweke mtoto ndani ya chandarua chenye dawa. Hiki nacho ni kifaa cha kutolea dawa, na kwangu mimi ndicho bora kuliko vyote. Hapa hapa Arusha, kiwanda cha A to Z kilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset mwaka 2003 kwa teknolojia ya kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani. Dawa yake, pemetrini, haikupakwa juu. Imechanganywa ndani ya plastiki kabla haijavutwa kuwa uzi. Ile ya juu ikifutika, nyingine inajitokeza taratibu kutoka ndani. Hakuna moto wala umeme, na mbu anakutana nayo kwa miguu yake mwenyewe anapotua kumtafuta mtoto. Kifue kwa sabuni ya kawaida, usitie dawa ya madoa, na ukianike kivulini kwa sababu jua linakula dawa. Chomekea pindo chini ya godoro.

Ikibidi uwashe ile ya kuchoma, washa jioni mkiwa bado sebuleni, dirisha likiwa wazi, na uizime kabla ya kumlaza mtoto.

Nimeuziwa kifaa cha kuchomeka kwenye soketi, kinatoa sauti ambayo binadamu hasikii lakini mbu wanakimbia. Nina mwezi nacho na bado naumwa. Labda nimekiweka vibaya? – Msomaji wa Njiro, Arusha

Hukukiweka vibaya, kaka. Hakifanyi kazi popote utakapokiweka.

Mteja mmoja aliniletea cha aina hiyo nikakifungua mezani kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na kispika chembamba kama sarafu ya shilingi mia mbili, kibao kidogo cha umeme na taa ya bluu. Taa ndiyo iliyokuwa inamfanya mwenye nyumba aamini kuna kazi inaendelea. Mwaka 2007 wataalamu walikusanya majaribio 10 yaliyofanywa nje ya maabara kuhusu vifaa vya sauti na mbu, na hawakupata ushahidi wowote kwamba vinazuia kuumwa. Mbu jike anaongozwa na pumzi yetu, joto la mwili na harufu ya ngozi, na hiyo sauti haizuii hata kimoja kati ya hivyo.

Usikichanganye na kile cha soketi chenye kichupa cha dawa. Kile kinafanya kazi. Utambi unanyonya dawa kutoka kichupani, ncha yake inapita katikati ya pete ndogo inayopata joto, na dawa inapaa hewani bila moshi. Udhaifu wake ni kwamba umeme ukikatika saa nane usiku, mbu wanaingia kazini.

Na ile taa ya zambarau inayokaanga wadudu, ninunue kwa ajili ya baraza? – Sakina, Arusha

Usinunue kwa ajili ya mbu. Huko Delaware, Marekani, mwaka 1996 walihesabu wadudu 13,789 waliouawa na taa za namna hiyo, na waumao walikuwa 31 tu. Waliobaki ni wadudu wasio na kosa, wengine wakiwa marafiki wa bustani yako. Fedha hiyo nunua feni uielekeze miguuni mnapokaa. Mbu hana nguvu ya kupambana na upepo, na feni inatawanya pumzi anayoifuata.

Shikamoo Mzee. Mimi ni mwanafunzi, hosteli yetu ina kunguni. Machinga anauza dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa, inanuka sana na wenzangu wanasema ni kali. Nikinyunyiza kwenye godoro nilalie siku ileile? – Arusha mjini

Marahaba, mwanangu. Usinyunyize, na usiilalie kabisa. Hili ndilo swali lililoninyima raha kuliko yote wiki hii.

Chupa isiyo na lebo haikuambii ni dawa gani, imechanganywa kiasi gani wala imetengenezwa kwa kazi gani. Nyingi ya hizo kali ni dawa za shambani zilizomiminwa tu. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo kijana alilowesha godoro kwa dawa hiyo akalala. Nilimkuta amekaa kizingitini, jasho linamtiririka, mate hayakatiki mdomoni, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini. Tulimkimbiza hospitali na ile chupa mkononi, akapona. Ukiona dalili hizo kwa yeyote, fanya hivyohivyo, na chupa usiisahau: daktari ataihitaji. Tena chupa ya maji inamdanganya mwenye kiu. Mtoto ataichukua anywe.

Kunguni wanaogopa joto. Nyuzi 50 zinamuua yeye na mayai yake, ambayo dawa nyingi haziyagusi. Kama kitanda chenu ni double deka ya chuma, toeni godoro, kisha mimineni maji yanayochemka kwenye kila kiungio na kila tundu la skrubu, maana ndiko wanakoishi. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto sana. Rudieni baada ya wiki moja na tena baada ya mbili, kwa kuwa yai lililokwepa litakuwa limeanguliwa.

Halafu wekeni kila mguu wa kitanda ndani ya bakuli la plastiki lenye kuta laini, na kitanda kisiguse ukuta. Kunguni hawezi kupanda plastiki inayoteleza. Wazee wetu walifanya vivyo hivyo walipoweka miguu ya kabati la chakula kwenye makopo ya maji ili sisimizi wasipande.

Nikuongezee moja, kwa sababu huku kwetu maharage hayakosi. Kule Balkani, watu wa Bulgaria na Serbia walikuwa wakitandaza majani mabichi ya maharage sakafuni usiku, na asubuhi wanayafagia yakiwa yamejaa kunguni na kuyachoma moto. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walitazama kwa hadubini wakaona sababu: jani lina vinyweleo vilivyopinda kama ndoana, na kunguni akilikanyaga vinamchoma mguuni na kumnasa ndani ya sekunde chache. Wakajaribu kuviiga kwa plastiki, lakini kunguni walikwama kidogo tu kisha wakajinasua. Jani likikauka nguvu inaisha, kwa hiyo hii ni ya kupunguza, haimalizi.

Tumefunga ofisini kopo la marashi linalojipulizia lenyewe. Je, harufu inafukuza na mbu? – Dada wa mapokezi, Moshi mjini

Marashi ya kawaida hayafukuzi mbu, dada. Ndani ya kile kiboksi kuna saa na mota ndogo inayobonyeza kopo, mara nyingi kila baada ya dakika 9, 18 au 36 kadiri ulivyoweka. Kopo la dawa lenyewe ni zao la vita: Lyle Goodhue na William Sullivan wa Marekani walipata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1943, na lilitumika kuwakinga askari na mbu wa malaria. Kiboksi kinaweza kuwekewa kopo la marashi au la dawa ya wadudu, kwa hiyo soma lebo ya kopo. Kisikae juu ya kichwa cha mtu, na kama kuna mwenye pumu ofisini kiondoeni.

Harufu inayowasumbua mbu kweli tunayo uani. Kivumbasi, ambacho aina yake moja inaitwa kitaalamu *Ocimum kilimandscharicum* kwa jina la mlima wetu, kimechunguzwa na watafiti wa huku kaskazini na mafuta yake yanafukuza mbu. Tatizo ni kwamba mafuta hayo yanapaa upesi. Yanakufaa kwa mazungumzo ya jioni, si kwa usiku mzima.

Naweka nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, kwenye nguo za mtoto anayekaribia kuzaliwa zisiliwe na nondo. – Mama mtarajiwa, Kiboriloni

Iondoe hiyo nafthalini leo, mama. Mvuke wa nafthalini unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozikinga chembe hizo, akapata manjano kali, na upungufu huo si haba kwenye nchi za malaria. Fua nguo zote upya, zipigwe jua na upepo siku kadhaa, kisha ziweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri.

Mende jikoni: nipulize au niweke jeli? – Ngarenaro

Jeli. Weka vitone vidogo kama punje ya mchele kwenye bawaba za kabati na nyuma ya friji. Mende anakula, anaenda kufia mafichoni, na wenzake wanaokula kinyesi chake na mzoga wake wanamfuata. Ukipuliza dawa juu ya jeli unawafukuza wasiile, na kazi yote inapotea.

Mzee, mimi ni fundi cherehani. Nimesikia kuna magunia ya mkonge yenye dawa yanayofukuza mbu nje ya nyumba. Huku kwenye mpunga tunakaa nje mpaka saa tatu usiku. Naweza kushona yangu niuze? – Mabogini

Ulichosikia ni kweli, na nimefurahi kwamba swali limetoka kwa fundi. Watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara wamejaribu vipande virefu vya gunia vilivyotiwa dawa iitwayo transfluthrini na kufungwa chini ya paa, pale penye mwanya ambapo mbu hupita. Dawa hii inapaa yenyewe kwenye joto la kawaida, bila moto wala umeme, na gunia linaishikilia na kuiachia polepole. Kwa watu wa mpunga ni wazo zuri, maana mbu wa huko wanauma hata nje, kabla mtu hajaingia kwenye chandarua.

Kushona unaweza. Ila kutia dawa ni kazi ya kipimo, na ole wako ukilowesha gunia kwa dawa ya shambani na kulitundika mlangoni kwa mtu. Kabla ya kuuza hata kimoja, nenda Arusha, Ngaramtoni, kwenye Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo zamani tuliijua kama TPRI. Wao ndio wanaosajili viuatilifu, yaani dawa za wadudu kama hizi. Beba kipande ulichoshona na dawa unayokusudia kutumia, lebo yake ikiwa bado imebandikwa.