Tarehe zinageuka kwenye Excel

SWALI: Nikiandika 3/4/2025, kompyuta ya duka inasoma Machi 4, na 25/4/2025 inagoma kabisa. Nibadili lugha? – Msomaji, Kariakoo

JIBU: Lugha iache, ndugu msomaji. Tatizo ni mpangilio wa eneo: Windows yako imewekwa Kimarekani, mwezi unatangulia siku. Funga Excel, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika intl.cpl, kisha Enter. Kwenye dirisha litakalofunguka bonyeza Additional settings, fungua Date, na kwenye tarehe fupi (Short date) andika dd/MM/yyyy. M ziwe kubwa, kwani ndogo ni dakika. Bonyeza OK kwenye madirisha yote mawili.

Tarehe za zamani hazijirekebishi, na hapo ndipo hesabu huharibika: ile Machi 4 itaonekana 04/03/2025. Zikague kwa risiti, moja moja. Iliyogoma imehifadhiwa kama maneno. Chagua kisanduku chake, bonyeza F2, kisha Enter.