Mkuu, huyo mama si mtani wako

Usithubutu! Eti "Mimi Mchaga, naenda kuposa Same, nimeandaa vichekesho vya Wapare vya kuwavunja mbavu wakwe, vinafaa? Na nivae suti, nibebe nini?" Futa vyote kwenye simu kwanza, ndiyo uendelee kusoma.

Mimi pia Mchaga, nimeoa huko huko. Kabla ya safari, jamaa mmoja wa kazini, tena Mpare, akanijaza upepo: "Wale ni watani zenu, ukikaa kimya watasema unaringa." Nikajaa. Chakula kikaletwa, mama mkwe anafunua hotpoti la makande, mvuke haujatulia, nikaropoka: "Afadhali, nilidhani mmetundika samaki darini tule ugali kwa harufu!" Mashemeji walicheka hadi mmoja akapaliwa. Baba mkwe naye, "hehe", mara moja tu. Nikaona nimewapatia, nikaongeza ile ya Mpare kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mama akarudisha mfuniko. Taratibu, bila kelele.

Mshenga akaitwa nje, akarudi na faini: beberu na blanketi, na mahari haizungumzwi mpaka vifike. Kwa hesabu zao nimesema nyumba ya yule mama ina njaa, nami bakuli lake liko mkononi. Kesi ya kuku nikaishindwa mimi, nikalipa mbuzi. Jamaa yangu nilipomfuata alicheka akishikilia meza: "Kwani nilikwambia umtanie mama mkwe?" Mshenzi yule hakunichangia hata kwato.

Utani wetu na Wapare upo, sikatai. Wao wanasema Mchaga akifa mwangushie sarafu sikioni kwanza, asipoamka ndiyo mzike, na hakuna anayenuna. Ila ukishaposa wewe ni mkwe, na ukwe unafunika utani wa kabila. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown aliliandika hili mwaka 1940: ndoa hiyo hiyo inaleta masihara kwa mashemeji na heshima ya kukaa mbali kwa wazazi wa mke, na yote mawili yanazuia ugomvi kati ya watu waliounganishwa juzi. Kwa hiyo shemeji akikuita mwizi, mrudishie. Mama mkwe hataniwi. Baba mkwe hataniwi. Hata akuanze yeye!

Na vicheko visikudanganye. Kuna Mmarekani, Robert Provine, alichunguza watu wakipiga soga hadharani, akakuta vicheko vingi havifuati kichekesho chochote, vinafuata maneno ya kawaida tu kama "haya, tutaonana". Watu hucheka kulainisha mambo. Ile "hehe" ya mzee ilikuwa ya kunisitiri, mimi nikaihesabu makofi.

Wakikutania, cheka, inamisha macho, sema "ndiyo baba", kula makande. Mdomo ukikuwasha sana, msubiri shemeji mdogo nje kwenye gari.