Hesabu Nafasi za Mawasiliano za PLC Kabla ya Kubadilisha Kebo

Niliitwa alfajiri kwa sababu skrini ya opereta ilikuwa imeandika kwamba mawasiliano na PLC, yaani kidhibiti cha kielektroniki kinachoendesha mashine, yamekatika, ilhali mashine yenyewe ilikuwa ikiendelea na kazi kama kawaida. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha na swichi ya mtandao, bila mafanikio. Nilipoizima PLC na kuiwasha tena skrini ilirudi, nikaenda zangu nikiamini kwamba nimemaliza. Siku ya tatu tatizo likajirudia vilevile. Jambo lililonichanganya zaidi ni kwamba PLC ilikuwa ikijibu pingi (ujumbe mfupi wa kupima kama kifaa kinafikika mtandaoni) bila kuchelewa hata kidogo.

Pingi haihitaji nafasi ya muunganisho, na ndiyo maana haikunisaidia. Jibu nililipata kwenye ukurasa wa uchunguzi wa PLC, ambao nilipaswa kuufungua tangu siku ya kwanza. Kidhibiti kile kilikuwa na nafasi 8 za miunganisho ya TCP, itifaki inayoweka njia ya mazungumzo kati ya vifaa viwili, na zote zilikuwa zimejaa. Katika orodha ya miunganisho hiyo, mistari 2 ilikuwa ya seva ya data na ya kidhibiti jirani. Mistari 6 iliyobaki ilikuwa na anwani moja ya IP, ya kompyuta ndogo ya ripoti, kila mstari ukiwa na namba yake ya poti. Nilipokwenda kuikagua kompyuta hiyo, nilikuta ina muunganisho 1 tu. Ile 5 mingine ilikuwa hai machoni pa PLC peke yake.

Chanzo kilikuwa swichi ya umeme. Kila mwisho wa zamu mtu alikuwa akizima umeme wa meza ile, na kompyuta ikazimika ghafla bila kuiaga PLC. TCP hufunga muunganisho kwa pande mbili kupeana taarifa. Upande mmoja ukikata roho ghafla, ule mwingine unaweza kukaa ukisubiri bila kikomo, hasa ikiwa kazi yake ni kujibu maombi tu na hautumi chochote kwa hiari yake. Zipo pakiti ndogo za kuulizia kama mwenzako yungali hai, lakini kanuni ya RFC 1122 ya mwaka 1989, moja ya nyaraka za viwango vya intaneti, inataka ziwe zimezimwa mpaka mtu aziwashe, na hata zikiwashwa, muda wa kuanzia usiwe chini ya saa 2. Kwenye PLC yetu zilikuwa zimezimwa. Zamu mbili kwa siku, nafasi moja ikipotea kila zamu: baada ya siku mbili hakuna iliyobaki.

Kwa nini basi aliyeumia ni skrini na si kompyuta yenye kosa? Opereta aliiwasha upya skrini, nayo ikaachia nafasi yake kwa utaratibu unaotakiwa. Kompyuta ya ripoti, ambayo hujaribu kuunganisha kila sekunde, ikaiwahi. Ukiona kifaa kimekataliwa, usianze kukishuku hicho. Mara nyingi ndicho kilichokuwa na adabu kuliko wenzake.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuongeza kifaa chochote kwenye mtandao wa mashine, naandika kwanza orodha ya wanaozungumza na PLC: nani anaanzisha mazungumzo, kwa itifaki gani, na anachukua nafasi ngapi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayodanganya watu. Programu moja ya kompyuta inaweza kufungua miunganisho kadhaa kwa wakati mmoja bila kumwambia mtu. Tena kadi ya mtandao ya PLC yenyewe huwa na hesabu zaidi ya moja: kadi ya 1756-EN2T ya Allen-Bradley, kwa mfano, inapokea miunganisho 128 ya TCP na 256 ya CIP (itifaki ya viwandani inayopita juu ya mtandao huohuo), na hesabu moja inaweza kujaa huku nyingine ikiwa na nafasi tele. Kwenye S7-1200, PLC ya Siemens, bloku moja (kipande cha programu) ya seva ya Modbus TCP, itifaki ya kusoma na kuandika data za vidhibiti, humhudumia mteja mmoja kwa wakati. Ukitaka wateja watatu, uiite mara tatu, kila mara kwa namba yake ya muunganisho na bloku yake ya data.

Watu wengi hushauri kupunguza maombi. Ni ushauri mzuri, ila unatibu ugonjwa mwingine. Ombi moja la Modbus linaweza kusoma rejista (visanduku vya namba kwenye kumbukumbu ya PLC) 125 zinazofuatana, kwa hiyo kupanga data zako pamoja badala ya kusoma rejista mojamoja kunaipunguzia PLC mzigo mkubwa. Lakini muunganisho uliokuwa mmoja unabaki mmoja, uwe na maombi mia au ombi moja. Kinachopunguza idadi ni kuweka seva moja ya kati inayosoma kutoka PLC, kisha ripoti, hifadhidata na skrini za ofisini zote zikasoma kutoka kwenye seva hiyo. Skrini ya opereta mimi huiacha iunganishwe moja kwa moja, kwa sababu sitaki kuanguka kwa seva kumpofushe mtu aliyesimama mbele ya mashine.

Katika kiwanda kile niliwasha pakiti za kuulizia uhai kwa kila sekunde 30, nikaihamishia kompyuta ya ripoti kwenye seva ya data, na nikaacha nafasi 2 wazi makusudi kwa ajili ya laptopu ya fundi. Mwezi mmoja baadaye, mtu wa mauzo aliomba moja ya nafasi hizo kwa ajili ya skrini ya kuonyesha wageni uzalishaji wa siku. Nilimpa anwani ya seva.