Jarida, gazeti au kumbukumbu za kongamano: kipi utumie wapi, na utamjuaje tapeli

Mleta mada ameuliza mawili kwa mpigo: kwa nini msimamizi wake amekata makala za magazeti kwenye marejeleo ya tasnifu, na kama alipe dola 120 kwa "jarida la kimataifa" lililomwandikia barua pepe likiahidi kumchapishia makala ndani ya siku tano. La pili nalijibu kwanza: usilipe, mkuu. Sababu zinakuja.

Ukitaka kupanga machapisho haya kichwani, usiangalie jalada. Uliza nani aliyasoma maandishi kabla hayajatoka. Habari ya gazeti la kila siku husomwa na mhariri anayekimbizana na saa ya kwenda mitamboni. Jarida la kawaida la wiki au mwezi hupata muda zaidi, lakini bado msomaji wake wa mwisho ni mhariri. Jarida la kitaaluma ni kitu kingine: mhariri huipeleka makala kwa wasomi wa fani hiyohiyo, kwa kawaida wawili au watatu, na mwandishi haambiwi ni akina nani. Mara nyingi nao hawaambiwi mwandishi ni nani. Jibu linarudi katika sura nne: imekubaliwa, irekebishwe kidogo, irekebishwe sana, imekataliwa. "Irekebishwe sana" ni habari njema, wengi huivunjikia moyo bure.

Sasa msimamizi wako. Gazeti halijakatazwa kokote. Ukichunguza jinsi vyombo vya habari vilivyoripoti uchaguzi, gazeti ndiyo data yako yenyewe. Lakini ukitaka kuthibitisha kwamba dawa fulani inashusha sukari, gazeti linakupa fununu tu kwamba utafiti upo. Utafute huo utafiti uusome, kwa sababu kichwa cha habari hakisemi kama walipimwa watu 12 au 1,200. Kwenye kanuni na sheria ndogo, taja Gazeti la Serikali pamoja na namba ya tangazo (GN) na mwaka wake. Kauli ya mbunge itoe kwenye Hansard (kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge), si kwenye kipande cha video kilichokatwa.

Kumbukumbu za kongamano, yaani mkusanyo wa makala zilizowasilishwa kwenye kongamano, thamani yake inategemea fani. Kwenye sayansi ya kompyuta, makala ya kongamano kubwa inaweza kuheshimika kuliko ya jarida. Kwenye isimu au historia huhesabiwa kama hatua ya kuelekea kwenye jarida. Kuna pia nakala za awali, zile zinazowekwa kwenye hazina kama arXiv (ipo tangu 1991) kabla ya kuhakikiwa. Zisome, ila ukizitumia sema wazi kwamba ni nakala ya awali, na angalia kwanza kama toleo lililohakikiwa limeshatoka. Matokeo huweza kubadilika kati ya hapo.

Turudi kwa hao wa siku tano. Uhakiki wa kweli huchukua wiki kadhaa, mara nyingi miezi, maana wahakiki wana kazi zao na wengi hawalipwi. Siku tano hazitoshi hata kumpata mhakiki wa pili.

Watakuonyesha ISSN kama cheti cha ubora. Siyo. ISSN ni namba ya utambulisho inayotolewa kwa chapisho lolote linalotoka mfululizo, hata la udaku. Faida yake kwako ni kukagua. Ina tarakimu nane, na ya mwisho hutokana na saba za kwanza. Chukua ya jarida la sayansi la Nature, 0028-0836: zidisha tarakimu saba za mwanzo kwa 8, 7, 6, 5, 4, 3, 2 kwa mfuatano, jumlisha, unapata 82. Gawa kwa 11, inabaki 5. Toa 5 kwenye 11, unapata 6, ambayo ndiyo tarakimu ya mwisho. (Jibu likiwa 10 huandikwa X, baki likiwa sifuri huandikwa 0.) Namba isiyokubali hesabu hii imebuniwa au imekosewa.

Ikikubali, usishangilie bado. Iingize kwenye tovuti ya ISSN, portal.issn.org, utafute bure, kisha linganisha jina la jarida na nchi. Kuna matapeli wanaochukua jina na ISSN ya jarida halali na kufungua tovuti ya kufanana nalo, kwa hiyo anwani ya tovuti iangalie herufi kwa herufi. Halafu fungua toleo la zamani, bofya DOI (namba ya kudumu ya utambulisho wa makala mtandaoni) ya makala mbili tatu kupitia doi.org. Zikikupeleka kwingine au zisifunguke, achana nao. Mwisho, waandikie wajumbe wawili wa bodi ya wahariri kupitia barua pepe za vyuo vyao, siyo zile za kwenye tovuti ya jarida. Wapo maprofesa walioorodheshwa bila habari.

Ada yenyewe siyo ushahidi wa utapeli. Majarida halali ya kusomwa bure mengi hutoza, lakini ada huonekana kwenye tovuti kabla hujatuma na haiathiri uamuzi wa wahakiki. Yapo pia yasiyotoza. Anza na DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida ya kusomwa bure, ambako unaweza kuchuja yasiyo na ada. Kwa wanaoandika kwa Kiswahili, angalia jarida liitwalo Kiswahili la TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Swahili Forum linalosomwa bure mtandaoni. Soma masharti ya urefu wa ikisiri (muhtasari wa makala) na mtindo wa marejeleo kabla ya kutuma, na, ili wahakiki wasikujue, futa jina lako kwenye sifa za faili (properties), siyo kwenye ukurasa wa kwanza tu.

Kama umeshawatumia makala, usisaini fomu ya hakimiliki. Waandikie leo kwamba unaiondoa, taja kichwa na tarehe uliyotuma, tunza nakala. Wakidai ada ya kuiondoa, usitoe. Wakiichapisha hata hivyo, mweleze mhariri wa jarida halali mapema na umwambatishie barua hiyo, maana kule makala iliyokwisha kuchapishwa haipokelewi.