Mizani 15 au 16? Mtunzi hajakosea

Ndugu, umeuliza kama mtunzi wa ubeti huu alikosea, maana mshororo wa kwanza umekupa mizani (yaani silabi) 16 na mitatu iliyobaki 15 kila mmoja. Nauweka tena:

Masika yameingia, mawingu yaja bondeni,
Vyura wanaitikia, usiku kucha mtoni,
Mti umeinamia, majani yake majini,
Nchi yajirudishia, kijani hata kondeni.

Mishororo yote ina 16, nane kwa nane. Kosa lako ndilo lililoniponza mimi kidato cha tatu. Mjomba wangu aliniambia niweke kalamu chini, niimbe huku nikigonga meza, pigo moja kwa kila silabi. Nilipofika “mtoni” mkono uligonga mara tatu kabla sijawaza: m-to-ni.

Hiyo m ya mtoni na mti, na n ya nchi, ni silabi kamili. Jaribu “nchi”: mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo uko juu ya n yenyewe. Lakini usije sasa ukapasua kila n unayokutana nayo. Ma-wi-ngu, bo-nde-ni: humo n imeshikana na konsonanti inayoifuata, haihesabiwi peke yake. Ndiyo maana mshororo wa kwanza haukukusumbua.

Tena “yaja” usiiite inkisari, yaani neno lililofupishwa ili mizani itoshe. Ni wakati wa -a- wa kawaida tu. Mtunzi kauchagua kwa sababu “yanakuja” ingezidisha mizani mbili.

Vina, yaani silabi zinazofanana katikati na mwishoni mwa mishororo, ni “a” katikati na “ni” mwishoni. Wengi huandika hivyo wakafunga daftari, na hapo ndipo uhakiki unapopotea. Kina cha -ni ni chepesi kukipata, mahali popote patakupa. Humu kinafanya kazi: bondeni, mtoni, majini, kondeni, kila mshororo unakuacha mahali pengine palipofikiwa na masika. Ninaoupenda zaidi ni wa tatu. Pumzi inakatika baada ya “umeinamia”, hujui bado mti umeinamia wapi, unasubiri, kisha majani yanagusa maji. Kituo cha kati kimelishika tawi.

Kwenye jibu lako andika tarbia kwa mishororo minne, mathnawi kwa vipande viwili. Kibwagizo usikitaje mpaka uusome ubeti wa pili, uone kama mshororo wa nne unarudi.