Orodha ya Filamu za Lazima: Usianzie Namba Moja

Karibu kila mpenzi wa sinema ninayemjua ana orodha ya filamu anazosema lazima azione, na karibu kila orodha hiyo imelala. Majina yanaongezeka kila mtu anaposifia kitu, halafu jioni ikifika mwenye orodha anafungua muvi ya kupigana ambayo anajua fika kwamba steringi hafi. Si uvivu, wala si kwamba filamu za zamani zinachosha. Kwa nilivyoona mimi, kinachoua orodha nyingi ni mpangilio. Mtu anachukua orodha ya wakubwa, anaanza namba moja, anakwama hapo hapo, kisha anajiambia kwamba sinema nzito zina wenyewe.

Hebu tuangalie hiyo namba moja inatoka wapi. Jarida la Sight and Sound, la British Film Institute ya Uingereza, limekuwa likiwapigisha kura wahakiki kila baada ya miaka kumi tangu 1952. Kura ya 2022 ilikuwa na wapigakura zaidi ya 1,600. Kila mmoja anataja filamu kumi, na zote kumi zina uzito sawa. Haulizwi ipi ya kwanza na ipi ya mwisho. Kwa hiyo inayoibuka kidedea ni ile iliyotajwa na watu wengi, basi. Hakuna aliyesema uanze nayo. Na hicho kiti hakikaliwi milele: 1952 kilikuwa cha Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, iliyokuwa na umri wa miaka minne tu; Citizen Kane ya Orson Welles ikakikalia kuanzia kura ya 1962 hadi ya 2002 (hiyo niliiheshimu kuliko nilivyoipenda, nanyi mnisamehe); 2012 ikachukua Vertigo ya Alfred Hitchcock, ambayo ilipotoka 1958 wahakiki wengi hawakuipokea kwa shangwe. Penye wengi pana mengi.

Iliyoshinda 2022 ni Jeanne Dielman, 23 quai du Commerce, 1080 Bruxelles, ya Chantal Akerman, ya mwaka 1975, na hapo ndipo wengi wanapoishia. Ni saa tatu na kama dakika ishirini za mama mjane anayeishi na mwanawe wa kiume kwenye fleti mjini Brussels. Anatandika kitanda, anaosha vyombo, anamenya viazi, anampokea mwanamume wa kumlipa alasiri, anapika chakula cha jioni. Kamera imetulia tuli. Siku ya kwanza ya hadithi unajiuliza kwa nini unaonyeshwa haya yote. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi, naye anazunguka na sufuria ndani ya nyumba asijue aiweke wapi, na ghafla unajikuta umekaa wima, kwa sababu kwa muda wote ule ulikuwa unafundishwa utaratibu wa nyumba ile na sasa unauona ukifumuka. Kifungo kimoja alichosahau kufunga kwenye koti lake la nyumbani kinatisha kuliko bastola. Ni filamu kubwa, sina ubishi. Lakini inamdai mtazamaji jicho lililozoea kukaa na picha moja kwa muda mrefu, na jicho hilo halipatikani kwa siku moja. Kama unaanza leo, isogeze mbele, mwaka ujao huko.

Anza na fupi. Huu ndio ushauri ninaourudia kuliko wote, na watu hawauamini kwa kuwa wamezoea kudhani filamu kubwa lazima iwe ndefu. La Jetée ya Chris Marker, ya 1962, ina dakika 28 tu. Karibu yote ni picha mnato na sauti ya msimulizi, isipokuwa mara moja, kwa sekunde chache, pale mwanamke aliyelala anapofumbua macho. Ukipepesa umekosa. Sherlock Jr. ya Buster Keaton, ya 1924, ina kama dakika 45: mwonyesha sinema anasinzia kazini, anaota ameingia ndani ya skrini, na mandhari zinambadilikia miguuni. Anajirusha baharini, anaangukia kwenye theluji. Hakukuwa na kompyuta. Walipima tu mahali alipo kwa makini, wakabadilisha mandhari. Kwenye filamu hiyo hiyo maji ya tangi la reli yalimwangusha akavunjika mfupa wa shingo, akaja kugundua miaka mingi baadaye. Mtu aliyekuambia sinema bubu zinachosha hajaiona hii.

Fupi ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi: La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya 1966, kama saa moja. Sembène alikuwa mwandishi wa riwaya, na aligeukia sinema akijua kwamba wengi aliowaandikia hawawezi kusoma Kifaransa. Diouana, msichana wa kazi, anawapa matajiri wake zawadi ya kinyago. Kule Dakar kinakaa ukutani pamoja na vitu vingine vya Kiafrika, kimoja kati ya vingi. Baadaye, wanapomchukua kwenda Ufaransa, tunakiona kinyago hicho hicho kimetundikwa peke yake kwenye ukuta mweupe wa fleti. Hakuna anayesema lolote juu yake. Diouana mwenyewe hasemi mengi mbele ya matajiri. Mawazo yake ndiyo tunayoyasikia, na hasira inapanda humo taratibu huku mikono inaendelea kufua na kusugua. Ukishaitazama hii, ile ya viazi haitakuwa ngeni tena kwako. Mwanamke, nyumba, kazi za mikono, kimya. Umeshapata jicho nusu.

Na hapo nimeshagusa jambo la pili: tazama kwa kufuata uzi, achana na namba. Filamu huzaana. Satyajit Ray wa India aliiona Bicycle Thieves akiwa London mwaka 1950, akatoka ukumbini ameazimia kutengeneza filamu yake, na 1955 ikatoka Pather Panchali. Ukizitazama hizi mbili kwa kufuatana, moja wikendi hii na nyingine wikendi ijayo, unaona kilichovuka kutoka Roma kwenda kijiji cha Bengali: waigizaji wasio na majina, mitaa na mashamba halisi, umaskini usioombewa huruma. Kwenye ile ya De Sica angalia mwanzoni mke wa Antonio, mhusika mkuu, anapoweka rehani mashuka ili wakomboe baiskeli. Karani anachukua furushi lao, anapanda rafu juu, na juu zaidi, na tunaona mafurushi ya mashuka ya watu wengine yamejaa hadi darini. Sekunde chache tu, nawe umeshaelewa hali ya mji mzima. Aliyeigiza Antonio, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani.

Uzi mwingine mtamu ni wa Akira Kurosawa wa Japani. Alizipenda sana filamu za cowboy za John Ford. Akatengeneza Seven Samurai, 1954, na Wamarekani wakaigeuza kuwa ya cowboy, The Magnificent Seven, 1960. Akatengeneza Yojimbo, 1961, na Sergio Leone wa Italia akaichukua bila ruhusa akaifanya A Fistful of Dollars, 1964, hadi wanasheria wakaingia. Anza uzi huu popote unapotaka. Kama moyo wako uko kwenye muvi za bunduki, ingia kwa Leone, kisha rudi nyuma kwa Kurosawa; utafika kwenye samurai bila kuhisi kwamba unafanya mtihani. Ukimaliza uzi mmoja, filamu ya mwisho huwa imeshakupa mwanzo wa mwingine: mwigizaji uliyempenda, mpiga kamera, mji.

Kuhusu zile ndefu. Seven Samurai ina dakika 207, na mwongozaji mwenyewe aliiwekea mapumziko katikati. Basi pumzika hapo, hata ikibidi mpaka kesho yake; umeruhusiwa na mwenye filamu. Ambayo haina mapumziko usiikate. Kutazama dakika ishirini leo na ishirini keshokutwa kunaifanya filamu yoyote ionekane mbovu, halafu lawama anabebeshwa mwongozaji. Kama jioni yako ina saa moja na nusu, chagua ya saa moja na nusu. Mimi kwenye orodha yangu kila jina lina urefu wake kwa dakika pembeni, na hilo limenisaidia kuliko nyota za wahakiki wote.

Dakika hizo zina kazi nyingine pia, hasa kwa filamu za zamani: zinakuonyesha kama nakala uliyonayo ni kamili. Metropolis ya Fritz Lang, ya 1927, ilikatwakatwa mapema, na kwa miongo mingi watu waliijua kwa nakala pungufu. Mwaka 2008 ikapatikana nakala huko Buenos Aires yenye kama dakika 25 zilizodhaniwa zimepotea, na toleo lililorejeshwa likaonyeshwa 2010. Ukikutana na Metropolis ya saa moja na nusu, iache, tafuta ile ya karibu saa mbili na nusu. Kisa cha The Passion of Joan of Arc ya Carl Theodor Dreyer, ya 1928, kinashangaza zaidi. Negativu yake (mkanda wa asili wa kuchapia nakala) iliungua, ikabaki kuonyeshwa kwa matoleo ya kuungaunga, mpaka 1981 nakala ya toleo la kwanza ilipokutwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo, Norway. Kura ya 1952 ilikuwa imeshaiweka kwenye kumi bora, miaka 29 kabla ya hapo. Na hizo ni zenye bahati. Utafiti uliotolewa na Library of Congress ya Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba karibu asilimia 70 ya filamu ndefu bubu za Marekani zimepotea kabisa. Orodha yoyote ya filamu bora, hata iwe ya nani, ni orodha ya zilizosalia. Mimi jambo hilo huniondolea woga wa majina makubwa.

Manukuu (maandishi ya tafsiri chini ya picha) au sauti iliyopachikwa? Manukuu. Sauti ya mtu ni nusu ya uigizaji wake. Jicho huzoea kusoma haraka kuliko unavyodhani. Simu iwe chumba kingine, si mfukoni.

Je, ikikushinda? Iache. Lakini jiulize kwanza imekuchosha au umechoka wewe. Kama ni uchovu wa siku, hiyo si hukumu ya filamu, lala. Abbas Kiarostami, mwongozaji mkubwa wa Iran, aliwahi kusema kwamba anazipenda filamu zinazompa mtu usingizi ukumbini halafu zikamnyima usingizi usiku, kwa hiyo una mtetezi. Kama ni filamu yenyewe, mimi huihamishia kwenye ukurasa wa pembeni nilioupa jina "bado". Hapo hakuna kufutwa wala kulazimishwa. Zipo zilizokaa humo miaka, kisha siku moja zikanifungukia zenyewe, na zipo ambazo sidhani zitatoka.

Orodha kubwa iwe ghala, lakini ya kutumia iwe fupi, majina yasiyozidi vidole vya mkono mmoja. Ukiwa na majina mia mbele yako kila jioni utatumia saa nzima kuchagua, na saa nyingine kutazama trela. Nafasi moja kati ya hizo tano iwe ya filamu uliyokwisha kuiona. Vertigo, kwa mfano, ina siri inayofichuliwa kabla ya mwisho, na ukiitazama mara ya pili huku siri unaijua, unaanza kumtazama mtu mwingine kabisa kwenye picha zile zile. Na nafasi nyingine iwe ya filamu ambayo hakuna mkubwa aliyekutajia: uliyoiona utotoni, au aliyokusimulia mjomba, au Yeelen ya Souleymane Cissé wa Mali, iliyopata tuzo ya majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 1987 na bado watu wengi hawajaisikia. Orodha isiyo na chaguo lako hata moja ni kazi ya nyumbani.

Baada ya kutazama, andika mistari miwili kabla hujasoma maoni ya mtu yeyote. Usiandike hadithi ilivyokwenda, hiyo utaikuta popote. Andika picha moja iliyokuganda, na jambo moja ambalo hukulielewa. Kesho yake soma wahakiki ukipenda, na utashangaa mara ngapi lile ambalo hukulielewa ndilo wanalobishania.

Mwisho, kama una mtu wa kutazama naye, chagueni pamoja, zamu kwa zamu, na mwenye zamu asijitetee. Ukimwekea mwenzako filamu ya saa tatu bila kumwambia urefu, hiyo ni hila, na atakulipizia zamu yake ikifika. Mwambie mapema. Akisinzia katikati usimwamshe wala usimnunie. Mfunike shuka uendelee, asubuhi atakuuliza iliishaje.