Mshale unatetemeka, kipanya hakina kosa

Barua tatu za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tatu: mshale wa kompyuta hautulii, je, tununue kifaa kipya? Kwa wote watatu jibu letu ni hapana, bado.

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Tachipadi ya laptopu yangu iko sawa nikitumia betri. Nikichomeka chaja tu, mshale unaanza kutetemeka na kufungua vitu ambavyo sijavibonyeza. Nimeambiwa nibadilishe tachipadi. Nisaidieni kabla sijatoa pesa.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usitoe pesa kwanza, ndugu yetu. Tachipadi iliyokufa haichagui saa. Yako inatulia kwenye betri, maana yake ni nzima, na matata yanaingia pamoja na chaja.

Tachipadi haipimi nguvu ya kidole. Inapima chaji ndogo mno ya umeme inayobadilika kidole kinapoikaribia. Sasa, ndani ya chaja kuna kapasita ndogo kati ya upande wa umeme wa ukutani na upande wa laptopu, kazi yake kupunguza kelele za mawimbi. Kapasita hiyo hupitisha mkondo kidogo sana hadi kwenye bodi ya laptopu, yaani ganda lake la chuma. Waya wa ethi, yaani ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, ukiwepo, mkondo huo unashuka na habari imeisha. Usipokuwepo, bodi inabaki na volti zinazoelea: kwa umeme wetu wa volti 230, mita inaweza kusoma 100 na zaidi kati ya bodi na ardhi, nazo zinapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Tachipadi inaona mtikisiko huo na kudhani ni kidole kinachezacheza. Ule mchonyoto unaousikia ukipitisha kiganja polepole juu ya laptopu ya chuma ndio huohuo. Chaja za bandia huzidisha shida kwa sababu vichujio vyake vya ndani ni hafifu au havipo kabisa.

Thibitisha hivi. Chomoa chaja, fanya kazi dakika tano. Irudishe. Mshale ukianza kucheza, gusa kwa mkono wa kushoto chuma cha laptopu, kwa mfano ukingo wa tundu la USB, huku kidole cha kulia kikiendelea kwenye tachipadi. Mshale ukitulia papo hapo, kisha ukarudia kucheza ukiachia mkono, kinachokosekana ni ethi. Lakini kama laptopu inakupiga shoti ya kukushtua, jaribio hilo liache, chomoa chaja ukutani na usiitumie tena.

Baada ya hapo fuata waya kutoka laptopu hadi ukutani. Tazama tundu la chaja linalopokea waya wa ukutani: likiwa na pini mbili tu, chaja hiyo haina ethi hata ukiichomeka wapi. Likiwa na pini tatu, angalia plagi. Wengi wetu tunatumia plagi ya pini mbili na kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili ikubali kuingia. Tundu hilo la juu ndilo la ethi, na kwa njia hiyo umelikosa. Zaidi ya hapo, ni mchezo wa hatari. Halafu ekstensheni: nyingi za bei rahisi zina matundu matatu usoni lakini waya wenye nyuzi mbili ndani. Soma maandishi kwenye ganda la waya. Ukiona 3x1.5 au 3x0.75, nyuzi ni tatu. Ukiona 2x0.75, hakuna ethi humo.

Kama vyote hivyo viko sawa, basi ni nyumba yenyewe. Mwite fundi umeme mwenye leseni apime soketi. Kati ya waya wa moto na ethi mita isome karibu na 230, na kati ya nyutro (waya wa kurudisha umeme) na ethi isome sifuri au volti chache tu. Msije mkaridhika na taa ya testa, ile bisibisi ya kupimia umeme. Haitoshi kuthibitisha kwamba ethi inafanya kazi.

Jambo moja linatutia wasiwasi kuliko yote haya. Tachipadi ikitetemeka hata bila chaja, funga laptopu uiweke juu ya meza iliyonyooka. Ikiyumba, au tachipadi imeinuka upande mmoja na kubonyea kwa shida, betri imevimba na inaisukuma kutoka chini. Zima, usiichaji, usiitoboe wala kuikandamiza. Mpelekee fundi siku hiyohiyo.

SWALI: Hamjambo. Mausi yangu haina waya. Nikianza kunakili video kwenda kwenye hadi diski ya nje, mshale unarukaruka na kuchelewa. Nimebadilisha betri mara mbili.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Betri hazina hatia. Kipanya chako kinaongea na kile kipokezi kidogo ulichokichomeka kwenye tundu la USB kwa redio ya gigahezi 2.4. Diski yako inatumia USB 3.0, inayopitisha data kwa gigabiti 5 kwa sekunde, na kasi hiyo huvujisha kelele za redio zinazofika kwenye masafa hayohayo. Kampuni ya Intel ilichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012. Kipokezi kikikaa jirani na plagi ya diski, hakisikii kipanya vizuri.

Tenganisha majirani hao. Hamishia kipokezi upande wa pili wa laptopu, kwenye tundu la USB 2.0 kama lipo, la 3.0 mara nyingi lina ulimi wa buluu au herufi SS. Isipotosha, nunua waya wa kurefusha USB wa mita moja, uweke kipokezi mezani, sentimita 20 au 30 kutoka kwenye kipanya. Hiyo ndiyo dawa tunayoiamini zaidi. Badilisha pia waya wa diski kama ni mwembamba na hauna ganda la chuma ndani. Kipanya cha Bluetooth kinatumia masafa hayo hayo, kwa hiyo kukimbilia huko si lazima kukuponye.

SWALI: Kwenye steshenari yetu kipanya cha waya kinarukaruka. Meza ni ya kioo.
Msomaji, Tanga

JIBU: Weka karatasi nyeupe ya A4 chini yake. Mshale ukitulia, umeshamaliza. Tumbo la kipanya lina kamera ndogo inayopiga picha za meza zaidi ya 1,000 kwa sekunde na kuzilinganisha. Kwenye kioo haioni alama za kulinganisha.

Mshale ukiendelea kuruka, geuza kipanya utazame kitundu cha taa kwa tochi ya simu. Unywele mmoja tu uliolala pale unatosha kuvuruga picha. Utoe kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti, bila kukandamiza lenzi, na uache kikauke kabla ya kukichomeka.

Baadaye pindapinda waya pale unapoingia kwenye kipanya, ndipo unapokatikia. Ukisikia kompyuta ikitoa mlio wa kifaa kuchomoka na kurudi, nyuzi zimekatika ndani. Na kama kipanya kina kitufe nyuma ya gurudumu, kibonyeze mara moja moja: hicho hupandisha na kushusha wepesi wa mshale, na ukiwa juu sana hata mtetemo wa kawaida wa mkono unaonekana kwenye kioo cha kompyuta.